Batumbula, gunia na miisho saba: maneno yangu kwa mwenye alitengeneza hii gemu

Kuko mudogo mumoja wa hapa Katuba, mu Lubumbashi, anasoma enformatike, alinitumia gemu yake kwa Bluetooth akaniambia: yaya, cheza, kisha uniambie kweli, usinihurumie. Nimecheza. Nimefika ku miisho yote saba, kisha nikaipatia bantu bengine ba mu lupango bacheze mbele yangu nikiwa naangalia, na sasa maneno yenye niko nayo imepita mesaji ya WhatsApp, njo maana niko naandika hapa. Alikubali. Gemu haijatoka bado kwa hiyo sitataja jina yake wala jina ya mutoto mwenyewe, lakini ninataka asome hii yote, na benye kutengeneza bintu kama hivi hapa kwetu basome pia, juu ndani ya hii gemu iko kintu sijakiona fasi ingine, na mudogo eko karibu kukiharibu yeye mwenyewe.

Kwa benye habajui hii aina ya gemu: ni ya kusoma. Maneno inapita chini ya ekrani kama kitabu, picha ya mutu inasimama nyuma, muziki kidogo, na kila wakati hadithi inasimama inakuuliza unafanya nini, unachagua, na kwa ile jibu njia inageuka. Hakuna kukimbia, hakuna bunduki. Ilitokea Japani, na woga ulikuwa ndani tangu zamani: mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa Otogirisō kwa Super Famicom, mashini ya gemu ya Nintendo, bantu babili banaingia mu nyumba kubwa usiku, na machaguo yako njo inaamua ile nyumba inaficha nini. Mwaka 2017 ikakuja Doki Doki Literature Club, ya bure, mamilioni ya bantu bakaichukua wakizani ni hadithi ya mapendo ya ku masomo, kumbe ni ya woga. Ile ilitengenezwa na Ren'Py, programu ya bure yenye Tom Rothamel alitoa mwaka 2004, na mudogo wa Katuba anatumikia paka hiyo hiyo Ren'Py mu ordinatere ya okazyo. Ninasema hii juu bantu bengi hapa banafikiri bintu hivi binataka mali mingi na studyo. Binataka kuandika. Binataka mutu mwenye kujua nini inatutisha sisi.

Na yeye anajua. Gemu yake iko mu Elisabethville, mwaka 1941, mbele mji haujaitwa Lubumbashi. Wewe ni kijana umetoka mu kijiji, umeshuka ku gare, umepata kazi ya zamu, mulinzi wa usiku, mu nyumba ya muzungu. Unalala kule cité Albert, ile yenye leo ni Kamalondo, mangaribi unavuka kuenda kulinda mu mji wa bazungu, fasi yenye mutu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembeatembea usiku, asubui unarudia kwa bibi yako. Na mu cité bantu banaanza kupotea. Banasema ni batumbula.

Bandugu ba hapa habana haja nibaelezee. Kwa benye banasoma toka mbali: wakati ya Babelgiji, Katanga muzima, balikuwaka banasema usiku kuko bazungu benye kuwinda bantu beusi, na kuko beusi benzetu benye kubafanyia hiyo kazi juu ya franka. Ukikamatwa unafungiwa fasi, unanoneshwa, bengine bakasema unageuka nguruwe kabisa, kisha unaliwa. Ku ng'ambo ya mupaka, Zambia ya leo, habari ya namna hii ilikuwa inaitwa banyama. Banahistoria bameiandika na kuipima kila upande, lakini hapa hatukuipata mu bitabu, tuliipata mu vinywa vya bazee, jina moja tu likitajwa mangaribi batoto bote balikuwa banaingia mu nyumba bila kuitwa. Mudogo angeweza kuchukua zile binti benye nywele imefunika uso, zile milango yenye kulia, bintu bya kuigiza tumekwisha kuviona. Alichukua woga ya lupango yetu. Kwa hiyo moja peke yake ninamupigia mikono.

Sasa gunia.

Kila usiku patron anatoka nje na gunia lenye kufungwa kamba, anakwambia: Beba. Peleka. Rudia. Huyu muzungu mu gemu muzima hasemi sentensi moja nzima, Kiswahili yake ni amri tupu, na mwenye kujua namna Kiswahili ilikuwa inatumika ku kazi wakati ile anasikia damu inatembea mubaya. Usiku wa kwanza gunia ni nyepesi. Usiku wa pili ni nzito kidogo. Usiku wa tatu gemu inakuuliza: fungua, uliza, ama peleka. Na hapa njo mudogo alinishika: ukipeleka bila kufungua, hakuna kintu kinatokea. Hakuna muziki mubaya, hakuna kivuli. Unafika, unaweka, unarudia, na asubui franka imeongezeka mu mushahara.

Kisha ekrani inaonyesha mu nyumba yako wakati ya kula. Ni picha moja tu, aliichora mara moja na anaiongeza bintu kila usiku. Mara ya kwanza ni bukari na matamba. Mara ya pili kuko chumvi ya kutosha, bibi yako anaisema kwa furaha. Kisha samaki. Kisha kitambaa ya meza. Mezani kunajaa, taa inaangaza zaidi, na unafurahi, kweli unafurahi, juu umetoka kucheza siku za njaa. Lakini mu picha ya kwanza kuko batoto batatu ku mukeka, babili ba kwako na mumoja wa jirani mwenye anakujaka kula kwenu. Mu picha ya ine kuko babili. Sahani ya ule wa tatu ingali pale, tupu, imegeuzwa. Maneno haisemi kintu. Bibi yako anauliza kama utaongeza samaki.

Sikuiona mara ya kwanza. Niliipita nikiwa naangalia samaki. Wakati niliiona nilirudisha telefone ku meza nikabakia nafikiri juu ya ule mutoto sana kupita nguruwe zote za ile gemu, na hapa njo neno langu kubwa kwa mudogo: mu gemu ya woga yenye miisho mingi, mwisho unatisha paka kama mukono wangu njo uliutengeneza. Si kelele. Si damu. Mi njo nilibeba lile gunia, usiku kwa usiku, juu ya chumvi, na hakuna mutu alinisukuma. Mwisho wenye unatoka ku hii njia, ule wenye unabakia zamu, unanunua kinga (baiskeli) na mashini ya kushona, unakuwa mutu wa heshima mu cité na bantu banakusalimia kwa mikono mibili, hauonyeshi damu hata tone, na njo mwisho mubaya kupita yote. Mudogo, usiuguse. Hata koma moja usiitoe.

Miisho mingine niliipima kwa hiyo kipimo, na mingine haitoshi.

Tuanze na ule wa nguruwe. Ukifungua gunia usiku wa tatu unakamatwa pale pale, ekrani inakuwa nyekundu, unasikia unalia kama nguruwe, mwisho. Mudogo, kufungua gunia ni kintu yenye mutu yoyote mwenye moyo anataka kufanya. Kuzeni yangu, kijana wa miaka kumi na sita, alifungua, akakufa, akacheka, akanirudishia telefone akasema imeisha. Kwake gemu yako ni hiyo: dakika kidogo, kelele, nguruwe. Hakujua hata kama kuko meza. Na hana kosa, umemufundisha kwamba kutaka kujua ni kufa, basi atatafuta tu njia ya kutokufa, hatatafuta tena kujua. Mi ningeacha afungue. Aone. Kisha afunge kamba tena na patron eko anamungojea ku mulango, na umuulize sasa: unapeleka? Mwenye anapeleka akiwa anajua ni mutu mwingine kabisa na mwenye alipeleka bila kujua, na kutoka pale unaweza kupata miisho mibili yenye nguvu pahali ya moja ya kelele. Nguruwe ikuje kisha, usiku wa sita, wakati nimekwisha kusahau.

Mwisho wa treni, ule wa kukimbia kupitia Sakania kuelekea Ndola, ni muzuri kwa kusoma, ile asubui ku gare uliiandika vizuri na moshi ya mashini mutu anaisikia ku pua. Lakini hakuna mutu ataupata. Unaomba nikuwe nimesema na muzee mumoja ku gare usiku wa pili, mara moja tu, na hakuna kintu kinanionyesha kama ule muzee ana maana. Niliupata kwa kujaribu kila kintu. Hiyo haiko chaguo, ni kubahatisha, na nikifika kule sijisikii nimekimbia, ninajisikia nimeokota. Weka ule muzee mara mbili ama tatu. Umufanye anisalimie. Nikimupita nikuwe nimemupita kwa kupenda.

Ule wa bantu ku barabara, wakati unataja jirani kama njo mutumbula na cité muzima inamuangukia, ni wa pili kwa uzuri. Sitasema mingi, benye beko hapa banajua namna neno moja linaweza kukusanya bantu na fimbo. Nilipenda kwamba haukunionyesha kama jirani alikuwa na hatia ama hapana. Nilipenda zaidi kwamba kesho yake gunia linangojea paka vile.

Ule wa polisi, ya kufungwa, ni mufupi na iko sawa.

Sasa mwisho wa 1941 yenyewe. Hapa mudogo ninataka unisikilize kama dada yako. Mu mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941 batumikaji ba Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, baligoma juu ya mushahara, vita ilikuwa imepandisha bei na franka haikuwa inatosha tena, na tarehe 9 basoda balipiga masasi ku kiwanja ya mupira hapa hapa Elisabethville. Balikufa makumi ya bantu. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa jina ya batumikaji, alikufa pale. Bale ni bantu ba kweli, benye batoto, benye bajukuu beko bangali mu huu mji. Mu gemu yako inachukua ekrani mbili: unafuata bantu ku kiwanja, masasi, nyeusi, mwisho. Ni jumpi tu, kushtua mutu mara moja, kama nguruwe. Kuiweka mu gemu ya woga haiko mubaya, mi ninaona ni haki yetu kuiweka fasi yoyote juu bengi kati yetu tuliisikia tukiwa bakubwa tayari, lakini ukiiweka uipatie usiku muzima ama uiache. Nipatie bale bantu majina hata ya kubuni, nipatie mumoja mwenye tulikula naye ku ile mukeka. Na tena, angalia namna inaungana na meza yako: chumvi ilikuwa inakosekana juu ya nini? Mushahara haukuwa unatosha juu ya nini? Hasira yenye ilipeleka bale bantu ku kiwanja na njaa yenye inafanya zamu wako abebe gunia ni kintu kimoja. Umekwisha kuiandika nusu na haujaiona. Mumoja anaenda kugoma, mwingine anabeba, na bote babili banataka samaki. Hii njo chaguo kubwa ya gemu yako na leo iko imefichwa mu ekrani mbili za mwisho.

Na wa saba. Ule unaita mwisho wa kweli, wenye unafunguka paka ukimaliza sita yote. Niko naandika hii kwa upole juu ninajua ulitumika sana juu yake, kuko picha za kipekee na muziki ya kwake. Lakini kwanza, nani atafika? Gemu yako itachezwa mu telefone yenye kupasuka ekrani, yenye bantu batatu banatumia, batri inaisha, umeme unakuja usiku wa manane wakati kila mutu eko anataka kusharji, na mutu atacheza mara moja ama mbili kisha atafuta juu nafasi imejaa. Mwisho wenye atakutana nao mara ya kwanza njo gemu yako yote kwake. Kila mwisho kati ya ile sita unapashwa kusimama peke yake, mutu akiishia pale asijisikie amepewa kipande. Leo miisho mitatu inaisha na maneno "bado hujajua ukweli", na tantine yangu aliposoma ile akasema basi, kama sijajua, nilikuwa nasoma nini saa hii yote?

Pili, ule mwisho unaeleza. Unatuonyesha munganga muzungu, chumba, mashini, damu inaenda wapi na kwa nini. Na pale woga unaisha, juu nimekwisha kuona kila kintu na nikishaona ninaweza kusema haiko kweli. Kambo yangu, mwenye alikuwa ameketi pembeni nikiwa namusomea kwa sauti, alikuwa kimya hadithi yote, na alipofika ku ile mashini akasema hapana, haikuwa vile. Baba yake alikuwa anamuambia, kwa bazungu balikuwa banajilinda, mutu unajua kujilinda na muzungu, unamuona toka mbali. Kwenye balikuwa banaogopa ni ku mulango wa jirani. Nani ana franka mingi kuliko mushahara wake. Nani anatembea usiku na hakuna mutu anamukamata. Kambo alisema hivyo akiwa anaangalia telefone, na mudogo, huyo mutu mwenye alikuwa anaelezea ni zamu wako. Ni mimi, mwenye kucheza. Umekwisha kupata mwisho wa kweli ku meza yenye samaki, mashini ya nini tena?

Kama unataka sana kuko na wa saba, nipatie usiku moja ndani ya mama ya ule mutoto. Anakuja kuuliza kama mwana wake alikula kwenu. Machaguo yote ikuwe ya kwake yeye, na zamu akuwe njo mutu mwenye kumujibu. Uufungue kwa kila mwenye amemaliza mwisho wowote, usimuombe sita.

Juu ya tantine, kidogo tena, juu nilijifunza mengi kwa kumuangalia. Yeye alipeleka gunia kila usiku bila kusimama. Nilimuuliza juu ya nini, akasema kazi ni kazi, mutu anauliza patron maswali? Alikuwa anasoma pole pole, kidole juu ya kila mustari, na ku picha ya ine alisimama. Aliangalia muda. Aliuliza: huyu mutoto wa jirani eko wapi? Nikasema sijui. Akarudi kusoma, akafika mwisho, akasema ni muzuri, akanipatia telefone, na hakutaka kucheza mara ya pili hata nilimuomba. Ungemuuliza mwenyewe angekwambia paka hiyo, ni muzuri. Kwa hiyo usikusanye maneno ya bantu peke yake. Bantu bakikupenda banasema ni muzuri, bakiwa banakimbia banasema ni muzuri. Kaa pembeni, angalia kidole gumba. Ku ile usiku wa pili wakati unaeleza historia ya mji, mwaka wa reli, kampuni, viwanja, kila mutu niliyemuangalia alianza kubonyeza haraka haraka, bote, hata kambo alinisukuma mukono niende mbele. Kata pale. Ku picha ya ine hakuna mutu alibonyeza haraka. Hiyo njo ripoti yako.

Sasa bintu bya mashini, haraka.

Ulitoa butoni ya kurudi nyuma kabisa, ninaelewa, hautaki mutu abadilishe chaguo yake. Lakini mu telefone kidole kinateleza, unapoteza sentensi, na mu hadithi kama hii sentensi moja ni mingi. Ren'Py inakuruhusu kufunga kurudi pale tu baada ya chaguo, kwa mustari moja ya kodi ya programu, na kuacha bantu barudi kusoma fasi ingine zote. Fanya hiyo. Chaguo ibakie nzito, kusoma kukuwe bure.

Kuruka maneno: uliacha bantu baruke hata yenye habajasoma. Ren'Py mwanzoni inaruka paka yenye umekwisha kusoma na inasimama ku mupya, na hiyo njo inafanya miisho mingi ivumilike, mutu anarudia haraka mupaka pale njia inageuka. Irudishe vile ilikuwa. Kuzeni mwingine alishika ile butoni toka mwanzo akaona picha tu zinapita.

Ile kelele ya ku usiku wa tano. Mudogo, bantu banacheza usiku, mu chumba moja na batoto benye kulala, ekuteri ya kuweka ku masikio haiko ya kila mutu. Mutu akishtuka vile mara moja anashusha sauti kabisa, na baada ya pale hatasikia tena bintu bizuri ulivyoweka, wale vyura ku mufereji, ile kengele ya mbali, nyayo zenye hazilingani na za kwako. Umepoteza masikio yake juu ya sekunde moja. Itoe.

Maneno ni madogo mu telefone ya kawaida, na rangi ya kijivu juu ya nyeusi ku saa sita za mchana haionekani hata kidogo. Ile hesabu ya miisho ku pembe ya ekrani iondoe wakati ya kucheza, uiweke ku ukurasa wa mwanzo kwa mwenye anaitafuta.

Na Kiswahili. Uliniambia kuko bantu balikwambia uandike mu Kifaransa ama Kiingereza juu ya kuuza. Ren'Py iko na fasi ya tafsiri, utaongeza lugha zingine kisha, bantu benye kutaka bataipata. Lakini ya kwanza ibakie hii, Kiswahili ya hapa, vile bibi ya zamu anasema na vile jirani anaapa. Kambo asingefungua kinywa kwa gemu ya Kifaransa. Alifungua juu alisikia bantu ba kwao banasema, na ile neno yenye alisema juu ya mulango wa jirani njo bora kupita yote yenye niko nimeandika hapa.

Toleo mupya ikiwa tayari unitumie mbele ya kuiweka ku intaneti, hata kama ni nusu. Usiku wa tatu njo ninataka kuona kwanza, ule wa kufungua na kufunga tena. Na mama ya ule mutoto, kama utamuandika, kambo amekubali kukuelezea namna bamama ba cité balikuwa banaita batoto babo mangaribi, anasema ukuje siku ya posho baada ya misa.